Mwinjilisti Aliyepogoa Migomba ya Watu

Mwinjilisti wa mtaa wetu hakujua kusubiri mtu amalize kusema. Ukimwendea na shida yako, ukafungua tu kinywa kusema mtoto ana homa, yeye alikuwa amekwisha kuanza kukuombea ada ya shule. Ukimsahihisha anakubali haraka haraka, anaanza sala upya, na hata hapo anaweza kuikosea homa akaiita kifua. Ndiyo maana mpaka leo naona ajabu kwamba ni yeye, si mwingine, aliyenifundisha kumsikiliza Mungu. Au alijaribu kunifundisha. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa, na niseme mapema kwamba sijatoka katika kuchanganyikiwa huko.

Namwita Mwinjilisti kwa sababu kila mtu alimwita hivyo, hata mke wake. Kanisa letu la Kilutheri kule Muleba ni la mtaa tu. Mchungaji alikuja mara moja kwa mwezi kutoa Chakula cha Bwana, na siku nyingine zote alikuwa ni yeye: kuhubiri, kuzika, kupatanisha waliogombana, na kugonga ile rimu ya lori tuliyoitumia kama kengele. Jumapili baada ya ibada, mnada wa sadaka za mazao ulikuwa wake pia. Alimwinua jogoo juu ya kichwa akamsifia mpaka aliyemtoa akatamani kumnunua tena. Sauti yake ilifika barabarani, na waliokuwa wanatoka misa kwa Wakatoliki walisimama kusikiliza, wengine wakaingia kununua maboga.

Mtu huyo huyo ndiye aliyetunyamazisha. Sisi kwetu sala ni maneno mengi, na aliye na maneno machache anaonekana hajajiandaa. Yeye alisali kama sisi, kwa sauti, akatetemeka kidogo, akawataja wagonjwa wote na wale waliopona zamani. Halafu alinyanyua kidole akasema, "Tumesema sisi. Sasa tumpe nafasi." Hapo kanisa zima lilikaa kimya. Ukimya wenyewe haukuwa wa dakika moja. Watoto walilia wakachoka, wazee walikohoa, kuku aliingia mlango mmoja akatokea mwingine. Mchungaji mmoja mgeni alidhani mzee wetu amezidiwa, akainuka kumshika bega. Mwinjilisti hakugeuka. Alisema kwa Kihaya cha heshima, "Waitu, Mchungaji, bado," na Mchungaji akarudi kukaa.

Nilipokuwa darasa la kipaimara alitupa kazi ya kufanya nyumbani. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchota maji, ukae katikati ya migomba, usiseme kitu, na Jumamosi ulete ulichosikia. Jumamosi ya kwanza tulikuwa tumesikia mengi. Mimi Mungu aliniambia nimtii mama yangu. Rafiki yangu aliahidiwa kufaulu darasa la saba. Mmoja alisikia aya nzima ya zaburi pamoja na namba yake. Mwinjilisti alitukatiza mmoja mmoja, kisha akasema kwa huzuni kabisa kwamba wiki hii Mungu ameongea sana na sisi, wakati yeye hajaambiwa neno tangu Pasaka. Jumamosi iliyofuata tukaja wote hatujasikia kitu. Akakasirika. Alisema huo sasa ni uvivu, akatupeleka kung'oa nyasi nyuma ya kanisa.

Nikiwa nang'oa nyasi nilimuuliza mtu anajuaje kama anayesikika ni Mungu au ni yeye mwenyewe anajisemesha. Sikufika mwisho wa swali. Alidhani nauliza jinsi ya kumtofautisha Mungu na shetani, akanieleza habari za shetani kwa kirefu sana, mpaka wenzangu wakamaliza upande wao na upande wangu. Swali langu lilibaki vilevile. Bado ninalo.

Kitu kimoja alichokiri waziwazi ni kwamba hawezi kukaa bure. Alisema akifumba macho anasinzia, na mikono ikikaa bila kazi anaanza kuwaza kahawa yake. Kwa hiyo yeye alimsikiliza Mungu akiwa anapogoa. Akija kukutembelea mlisalimiana, mkatafuna punje za kahawa mlizomkaribisha nazo, mkasali kwa maneno, halafu alitoa kisu chake kirefu kwenye mfuko wa kaniki na kwenda kibanjani kwako, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba. Alikata majani makavu ya migomba, mgomba mmoja baada ya mwingine, na wewe unamfuata nyuma bila kusema. Wakati mwingine ilichukua asubuhi nzima. Akimaliza alinawa mikono, akakuambia alichosikia. Mara nyingi alisema, "Leo sikusikia," akaondoka zake na kisu kwenye mfuko.

Watu walimpenda kwa hilo, hasa wajane. Ulipata maombi na kibanja kilichosafishwa. Mama yangu, ambaye kwetu tunamwita Mae, alimsubiri kama watu wanavyosubiri msimu wa senene. Baba amezikwa pale kibanjani, karibu na mibuni, na Mwinjilisti akifika penye kaburi aliinamisha kichwa kidogo na kupogoa taratibu zaidi. Nilimpenda kwa kile kitendo. Nalisema hili kwa sababu ya yale yatakayofuata.

Mke wake hakumshangaa tena. Aliwahi kuniambia, tukiwa tunamenya ndizi za harusi ya jirani, kwamba mume wake anamsikia Mungu aliye mbali mbinguni lakini hajawahi kumsikia yeye aliye jikoni akisema chumvi imekwisha. Aliniambia bila uchungu. Nilipomfikishia Mwinjilisti maneno hayo kwa utani, alicheka mpaka akatoa machozi, akasema ni kweli, halafu akaniuliza mke wake amesema nini kimekwisha.

Alikuwa na kauli mbili tatu alizozirudia kwa watu wote. Moja ni kwamba sauti ikikusifu sana, hiyo ni yako mwenyewe. Nyingine ni kwamba Mungu haongei haraka kama Mwinjilisti. Nilizichukua zote mbili nikahamia nazo Bukoba, nikapanga chumba Kagondo, nikaajiriwa kwenye duka la pembejeo mjini. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikaa kitandani nimenyamaza. Nilisikia bodaboda. Nilisikia jirani akigombana na mkwe wake. Nikitoka hapo nilikuwa mtulivu kidogo, na sikujua kama utulivu ule ndio ulikuwa jibu au ni kwa sababu nilikuwa nimekaa tu.

Halafu ukaja mnyauko wa migomba. Mae alinipigia simu kwamba majani ya migomba mitatu karibu na nyumba yamegeuka njano na kulegea, na ndizi zinaiva kabla ya kukomaa. Ukizikata ndani ni kahawia na haziliki hata na mbuzi. Wiki chache baadaye ilikuwa migomba kumi, kisha hakuhesabu tena. Mtu asiye wa kwetu anaweza kudhani tunalilia ndizi. Kibanja ndicho chakula, ndicho nyumba, ndimo walimo marehemu wetu.

Mwezi huo afisa kilimo aliwaita wenye maduka ya pembejeo, na bosi wangu akanituma mimi. Tulikaa kwenye mabenchi, tukaonyeshwa picha. Afisa alisema ugonjwa huu unabebwa na wadudu, ila mkubwa wao ni kisu. Unakata mgomba unaoumwa hata kabla haujaonyesha dalili, unakwenda na kisu hicho hicho kwenye mgomba mzima, umeshaupanda ugonjwa. Kisu lazima kipitishwe kwenye moto kila mgomba, na ua la mkungu litolewe kwa kijiti chenye panda. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Nilianza kuzipita nyumba za mtaa wetu kichwani: kwa Mae, kwa mjane mmoja wa bondeni, kwa fundi seremala, kwa mzee wa kanisa, kwa Mwinjilisti mwenyewe. Vibanja vilivyokufa vilikuwa vile alivyopogoa. Jirani yetu Mkatoliki, aliyetengana nasi kwa uzio wa miti ya milamula tu, hakuwa na mgomba hata mmoja wenye njano.

Nilimpigia Mae siku hiyo hiyo. Nilimweleza yote, naye alinisikiliza mpaka mwisho.

"Usimwambie," alisema. "Mtu wa Mungu yule. Utamuua."

Nikamwambia kwamba bado anapogoa, anapeleka ugonjwa kwa wengine. Mae akasema atamwomba asije tena na kisu, atamwambia anaona haya mzee kufanya kazi kwake. Na kweli alifanya hivyo, na wanawake wengine nao, mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake. Nilikuja kujua baadaye kwamba kijiji kilihisi. Hakuna aliyethubutu kusema. Kwa adabu tu, walimnyang'anya kisu bila kumwambia kwa nini.

Mimi nilifanya alichonifundisha. Nilikaa Kagondo asubuhi nikamuuliza Mungu: nimwambie au ninyamaze? Asubuhi moja nilisikia wazi kabisa, mwambie. Nikavaa viatu. Kabla sijafunga mlango nikasikia, wazi vilevile, wewe ni nani wa kumvunja mzee moyo. Nikavua viatu. Sauti zote mbili zilikuwa na lafudhi yangu. Wiki moja ilipita hivyo, kisha nusu ya wiki nyingine, nami kila siku najiambia kwamba Mungu haongei haraka.

Ijumaa ya wiki ya pili nikaomba ruhusa, nikaenda nyumbani. Jumamosi nilifika kwa Mwinjilisti. Alikuwa amekonda. Migomba yake ilikuwa imelala chini yote, na alikuwa amekaa nje akiitazama. Nikasalimia, nikakaa kwenye benchi, nikasema, "Mwinjilisti, nimekuja kuhusu huu mnyauko."

"Unataka tumwombee Mae," akasema, na papo hapo akainuka akaanza kusali.

Alimwombea Mae vizuri sana. Alipomaliza, nilishukuru nikaondoka. Nataka nisiseme uongo hapa: nilipofika njiani nilijisikia mwepesi. Nilisema moyoni kwamba nilijaribu, amenikatiza, basi huenda ndivyo Mungu alivyotaka.

Kesho yake kanisani hakuhubiri masomo ya siku. Alisimama mbele akasema kuna jambo linalomnyima usingizi. Kwa nini nyumba za maombi ndizo zinazopigwa? Kwa nini nyumba alizoingia yeye na Neno ndizo zinanyauka, na za wasiosali zimesimama? Alisema amemsikiliza Mungu kwa mfungo wa siku tatu, na amesikia kwamba katikati yetu kuna dhambi iliyofichwa. Mwenye nayo ailete nuruni, nchi ipone. Halafu akanyanyua kidole, na tukanyamaza.

Niliyekuwa na jambo lililofichwa ni mimi. Nilikuwa benchi la tatu, karibu na dirisha. Nilijua jibu la swali lake, na Mungu kama alikuwa anataka kulijibu siku ile alikuwa na kinywa changu pale pale. Nilisubiri nisukumwe. Nilisubiri ile sauti ya "mwambie" irudi, safari hii bila mwenzake.

Aliyesimama ni mke wa fundi seremala. Alikuwa dada yangu wa mtaa, amenizidi miaka michache, tuliwahi kuimba kwaya pamoja. Alisema kibanja chake kimekufa na sasa anajua ni kwa nini. Alisema binti yake wa tatu si wa mume wake. Mume wake alikuwa amekaa naye, na binti mwenyewe alikuwa kwenye mabenchi ya watoto. Watu waliitikia kwa wimbo, kama tunavyofanya mtu akitubu, wakamkumbatia. Mwinjilisti alilia. Mimi pia nililia, na watu walidhani ni kwa furaha.

Migomba haikupona. Fundi seremala alikwenda Geita kutafuta kazi na hakurudi. Binti alipelekwa kwa bibi yake Rubafu. Mae aling'oa shina la mwisho akapanda mihogo na maharage kuzunguka kaburi la baba. Mimi nikarudi Bukoba kuuza mbegu, na kwa wateja wote nikawa hodari wa kueleza kwamba kisu kipitishwe motoni.

Miaka mitatu nilimkwepa. Nikienda nyumbani nilihakikisha siku yangu ya kurudi ni Jumamosi, kabla ya ibada. Sala yangu ya asubuhi iliendelea, ila nilikuwa nasikiliza kama mwizi anayesikiliza iwapo wenye nyumba wamelala. Nilimkasirikia Mungu kwa kunyamaza, nikamkasirikia Mwinjilisti kwa kunikatiza, nikamkasirikia Mae kwa adabu yake. Kila hasira ilikuwa na haki kidogo, na nikizijumlisha zote bado nilibaki na deni la mtu mmoja, yule aliyesimama mahali pangu.

Mwaka juzi Mae aliniambia kwamba Mwinjilisti amestaafishwa, miguu imevimba, na ananiulizia. Nikaenda. Mke wake aliniletea kahawa ya kutafuna, akatuacha. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, blanketi magotini, na mihogo imejaa pale ilipokuwa migomba yake. Sikusubiri chochote safari hii, pengine kwa kuwa nilikuwa nimechoka tu. Nilianza na semina ya afisa kilimo. Nikamwambia habari ya kisu, ya nyumba alizopita, ya Mae kunikataza, ya ile Jumamosi na ile Jumapili. Nilikuwa nategemea anikatize. Kila baada ya maneno mawili nilisita nikimpa nafasi ya kunikatiza, na yeye hakuichukua. Nikalazimika kufika mwisho.

Alilikunja blanketi lake, akalikunjua tena.

"Nilimuuliza," alisema hatimaye. "Watu walipoanza kunizuia na kisu, nilihisi kitu. Nikamuuliza, Bwana, ni mimi? Miaka mitatu namuuliza kila asubuhi. Hakunijibu."

"Mimi pia nilikuwa namuuliza kama nikuambie," nikasema.

"Na ile dhambi iliyofichwa, niliisikia kweli, mwana wange. Niliisikia kama ninavyokusikia wewe." Akanitazama kwa macho ya mtu anayeomba asaidiwe. "Ilikuwa ni sauti ya nani?"

Sikujua. Nilimwambia sijui. Lilikuwa ni swali langu la siku ile ya kung'oa nyasi, sasa analiuliza yeye, na hakuna kati yetu aliyekuwa na pa kulipeleka. Akaomba fimbo yake. Nilidhani anataka kwenda chooni, kumbe alitaka kwenda kwa mke wa fundi seremala. Nikamwambia miguu yake haiwezi. Akasema basi nimshike.

Tulitumia saa nzima kwenye njia ya dakika kumi. Yule mama tulimkuta nyuma ya nyumba, anageuza kahawa juani. Alikuwa peke yake. Alipomwona Mwinjilisti alitaka kupiga magoti kumsalimia, kama ilivyo desturi, na mzee akamzuia kwa fimbo.

"Usinipigie magoti," akasema. "Ule mnyauko niliuleta mimi, kwa kisu changu, nikitoka kibanja hiki kwenda kile. Haikuwa dhambi yako. Nimekuja kukuambia."

Yule mama alisimama na reki mkononi. Alimtazama mzee, akaitazama mihogo iliyosimama palipokuwa migomba yake, akarudisha macho kwa mzee. Nilidhani atalia au atamfukuza.

"Basi yale niliyoyasema kanisani," aliuliza, "nani atayarudisha?"

Mwinjilisti alifungua kinywa. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakikutoka kitu. Mkono wake ulikuwa mzito begani kwangu. Nilisubiri kidogo na mimi. Hakuna sauti iliyoniambia niseme, na hakuna iliyonikataza. Kulikuwa na kuku wanaokanyaga kahawa, basi.

"Dada," nikasema, "mimi nilijua. Nilijua wiki mbili kabla hujasimama, na nilikuwa nimekaa pale nakusikiliza."

Aliweka reki chini, akanisogelea mpaka karibu sana, akaniambia nirudie. Nikarudia.